Mwajuma wa Ijumaa, Mabula wa Mvua

Juni 2014 nilikuwa nasahihisha mtihani wa muhula wa Kiswahili, kidato cha pili. Karatasi zilizidi mia na chai ilikuwa imepoa pembeni. Nilifika kwenye karatasi ya kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, nikashusha pumzi, maana huyo hakuwahi kunisumbua.

Kifungu cha ufahamu nilikuwa nimekitunga mwenyewe. Kulikuwa na mlinzi wa ofisi aitwaye Mabula, amekuja mjini juzijuzi kutoka mkoani. Ukutani, juu ya kichwa chake, limebandikwa tangazo kwamba ofisi imehama. Mabula hajui kusoma, basi kutwa nzima anawafungulia wageni geti, anawapigia saluti, nao wanaingia kwenye jengo tupu. Siku ya mtihani wanafunzi walicheka mpaka msimamizi akagonga meza. Niliposimuliwa hilo nilifurahi, nikajiona mtunzi.

Kijana yule alikuwa amechukua rula na kalamu ya bluu, akalikata jina Mabula kila mahali lilipotokea. Mistari ilinyooka kabisa. Nikahesabu: mara 11. Juu ya kila mstari aliandika kwa herufi ndogo neno moja: mlinzi.

Maswali yote aliyajibu sawasawa. La nne liliuliza, "Kwa nini Mabula hakulielewa tangazo?" Akaandika: "Mlinzi hakulielewa tangazo kwa sababu aliyetunga habari hakutaka alielewe."

Nikarudi juu ya karatasi kuangalia jina. Darasani tulizoea kumwita kwa jina la baba yake, na la kwanza lilikuwa limenitoka kichwani. Lilikuwa Mabula.

Niliiweka kalamu nyekundu mezani na sikuishika tena siku hiyo. Mwalimu mwingine pengine angeona ni ukaidi wa kitoto. Mimi sikuweza kuona hivyo, kwa sababu naitwa Mwajuma.

Nilizaliwa Ijumaa asubuhi, Bweni, ng'ambo ya mto ukivuka kwa kivuko kutoka Pangani mjini. Mama alitaka niitwe Zainabu. Bibi mzaa baba akasema siku imeshachagua. Kwetu mtoto wa kiume wa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Khamisi. Wa kike ni Mwajuma, ni Mwanahamisi. Aliyezaliwa usiku ni Chausiku, wa sikukuu ni Mwanaidi. Ni majina ya kalenda. Mtu akikwambia jina lake, ameshakwambia na siku aliyofika duniani.

Utotoni nilimuuliza Bibi kama jina langu maana yake ni mtoto wa Juma, nami baba yangu haitwi Juma. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaniambia bila kuinua macho, "Mwana si mtoto, mke mwenzangu. Mwana ni bibi mkubwa." Nilipokuja kusoma nikakuta alijua alichokisema. Masimulizi ya kuanzishwa kwa Mombasa yanamtaja malkia Mwana Mkisi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha ambao hadi leo tunaufundisha. "Mwana" ile waliyoitwa kina mama wa heshima pwani hii ndiyo iliyofupika ikawa "Mwa" kwenye jina langu. Nilikua nikilitaja kwa kifua mbele.

Chuoni ndipo lilipoanza kunielemea. Mjini kulikuwa na mtu anaitwa Mwajuma Ndala Ndefu. Hajawahi kuzaliwa, lakini kila mtu anamjua. Anakaa uswahilini, chumba kimoja, kanga kiunoni, anagombana bombani, ana mdomo, gazeti kwake ni la kufungia maandazi, na akialikwa kwenye shughuli anafika na ndala. Watangazaji wa redio walimtaja wakitaka kuchekesha. Washereheshaji wa harusi walimtaja. Alikuwa kwenye ujumbe wa simu tuliokuwa tukitumiana. Mhadhiri akiita majina, akifika kwangu, mtu wa safu ya nyuma alinong'ona "ndala" na safu nzima ikatikisika. Nilianza kuvaa viatu vya kufunga hata Jumamosi mchana, jua la Februari, nikienda kuchota maji nyuma ya bweni. Nilikuwa msichana wa miaka 23, na niliogopa kuvaa ndala kama wenzangu wote kwa sababu ya jina.

Mwaka 2006 nilipata kazi ya kufundisha tuisheni nyumba moja ya ushuani. Siku ya kwanza mlinzi aliniuliza jina, akapiga simu ndani. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia mama mwenye nyumba: "Mwajuma? Mwambie azungukie mlango wa jikoni, dada atamwonyesha pa kulala. Muulize kama amekuja na cheti cha kupimwa kifua."

Nilikuwa nimeshika vitabu viwili vya Kiswahili na boksi la chaki. Mlinzi aliniangalia mimi, akaangalia vitabu, akasoma jalada la kile cha juu. Kisha akasema kwenye simu, taratibu, "Mama, huyu ni mwalimu."

Pakawa kimya. Halafu, "Aaa, mwalimu! Jamani, aingie, aingie."

Ndani nilipewa juisi. Alikuwa mama mwema, mlipaji mzuri, na mwanawe nilimfundisha mwaka mzima. Siku ile ile aliniuliza, "Sasa mwalimu, tukuite nani?" Nikasikia mdomo wangu unasema Jumy. Sikuwa nimepanga. Tangu hapo nikawa Jumy kwa kila mtu wa mjini, na nilipoajiriwa nikawa Madam Jumy. Kwenye daftari la mahudhurio la walimu nilisaini M.J., na wengi walidhani M ni Mariamu.

Bibi alipata habari kwa shangazi. Nilipokwenda likizo aliniuliza, nikamweleza kwamba hata watu wakubwa hubadili majina. Nikamtajia Siti binti Saad, maana Bibi alipenda taarabu kuliko chakula. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mheshimiwa, ni jina alilolipata ukubwani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri na sauti yake ikaenea pwani yote. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwenzako alivishwa. Wewe umejivua." Alifariki mwaka 2011 na hatukulizungumza tena.

Usiku ule wa Juni, baada ya karatasi ya Mabula, nilitoa jalada la vifungu vyote nilivyowahi kutunga, nikakaa nalo sakafuni. Wasichana wa kazi za ndani: Chausiku, Shida, Tabu, Sikujua, Chausiku tena. Mkulima aliyepotea Kariakoo: Masanja. Aliyeibiwa nauli stendi: Shija. Mlinzi: Mabula. Daktari alikuwa Brayani. Meneja wa benki alikuwa Jackline, mara mbili. Aliyeshinda insha na kupelekwa Ulaya alikuwa Kelvin.

Mwajuma hakuwemo popote. Nilikuwa nimewapanga kina Chausiku uani, wa siku na saa kama mimi, nikajificha nyuma yao.

Na mlinzi! Mlinzi wa kweli niliyemjua maishani ndiye aliyesoma jalada la kitabu changu akaniokoa getini. Miaka minane baadaye natunga mlinzi, namnyima kusoma, nampa jina la Kisukuma ili watoto wa Dar es Salaam wacheke upesi. Sikulala vizuri.

Nimewaza sana mkono wangu ulijifunzia wapi. Hakuna mtu aliyeniagiza nimwite daktari Brayani. Nilikua na filamu na maigizo ya redio kama wenzangu, na humo mambo yalishapangwa. Msichana anashuka kwenye basi na nguo zake kwenye mfuko wa rambo, anaitwa jina la shida au la siku, na kabla hajafungua mdomo tumeshajua atavunja vyombo. Namwelewa mtunzi wa filamu. Ana saa moja na nusu, hana muda wa kueleza mtu katoka wapi na amesoma mpaka wapi. Majina yetu yanabeba dini, kabila, mkoa, rika, hata kisomo cha wazazi, hivyo anataja jina moja na watazamaji wanajaza mengine wenyewe. Ni njia fupi na inafanya kazi. Lakini jina lile linavaliwa pia na mtu aliye hai, ambaye kesho anapanda daladala, anaomba kazi, anasimama mbele ya darasa.

Wakati mwingine hata haihitaji ubaya. Mwalimu mwenzangu mmoja anaitwa Salome. Saida Karoli alipotoka na Maria Salome mwaka 2001, wimbo mzuri ambao mpaka leo nausikiliza, vijana wa mtaani kwake walianza kumwimbia kila akipita. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautoa upya, na mwenzangu, sasa mama wa watoto watatu, akaanza tena kukatikiwa viuno stendi na vijana aliokuwa na umri wa kuwazaa. Aliniambia kwamba hajawahi kuingia mahali akawa yeye kwanza, wimbo humtangulia.

Jina la Kelvin, au Kevin, ndilo lililonifumbua macho zaidi. Kwetu ni jina la mtoto wa mjini, shule nzuri, Kiingereza cha kutiririka. Kwenye semina moja mkufunzi aliyesoma Ujerumani alituambia kwamba kule mambo ni kinyume. Mwaka 1991, sinema ya Kimarekani ya mtoto Kevin aliyesahauliwa nyumbani wakati wa Krismasi ilikuwa imetikisa nchi, na jina hilo likaongoza kwa watoto waliozaliwa. Wengi waliolipenda walikuwa watu wa kawaida. Miaka ikapita, Kevin akawa mtu wa vichekesho, mtoto wa familia isiyo na kisomo. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg kilitoa utafiti uliouliza walimu wa shule za msingi wanavyoyaona majina ya wanafunzi, na mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni utambuzi wa ugonjwa. Mwalimu! Aliyeshika kalamu nyekundu kama mimi! Jina karibu lile lile, huku linampandisha mtoto na kule linamshusha, na mtoto mwenyewe hajafanya lolote. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya kina Karen kule Marekani: jina lililopendwa sana miaka ya 1960 likageuka la mwanamke anayewaitia polisi watu weusi bila sababu. Najiuliza wako wangapi waliozaliwa miaka ile, wauguzi, walimu, bibi za watu, walioamka siku moja na kukuta jina lao ni tusi.

Kesho yake nilimwita Mabula wakati wa mapumziko. Sikumwita ofisini, wenzake wangedhani anaadhibiwa. Tulikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Kaa. Umenikasirikia?"

"Hapana, madam."

Nikasubiri. Alikuwa anachora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Tangu Jumatano wananiita Saluti," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Na baba ni mlinzi."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa langu. Baba yake alilinda ghala Vingunguti, zamu ya usiku. Karani wa pale alikuwa akimwachia gazeti jioni, naye alilisoma lote chini ya taa ya geti, habari, michezo, tanzia, hata matangazo ya minada. Asubuhi alirudi nalo nyumbani. Mabula alijifunza kusoma kwa magazeti hayo kabla hajaanza la kwanza, amekaa mapajani kwa baba aliyekuwa anasinzia na sare mwilini. "Herufi ya kwanza kuijua ni M," aliniambia, "ile ya Mwananchi."

Nilimwomba radhi. Sikuwahi kumwomba mwanafunzi radhi kabla ya siku hiyo, nasema kweli, na ulimi ulikuwa mzito. Kisha, kwa kuwa mwalimu hawezi kuacha kufundisha, nikataka kumpa kitu cha kujivunia. Nikamwambia kwamba Mabula ni jina la mvua, anapewa aliyezaliwa mvua ikinyesha, na hilo alilijua. Nikaendelea: Mwalimu Nyerere naye alizaliwa siku ya mvua kubwa, Butiama, mwaka 1922, wazee wakamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. "Wewe na yeye mna jina moja kwa lugha mbili," nikamwambia.

Akafikiri. "Lakini watu wanasema Julius, madam."

Hilo nalo alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, mtu mzima wa miaka 21. Nilimweleza, lakini nilijua hajauliza historia. Aliuliza kwa nini jina la mvua limekaa katikati, na la mbele ni lile linalosomeka Roma na London.

Nikiwa bado natafuta jibu akaniuliza, "Na wewe madam, Jumy ndiyo nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia na habari ya ndala, na ya geti, na ya mlinzi aliyesoma jalada la kitabu. Hakucheka. Aliangalia viatu vyangu vya kufunga, akanitazama usoni.

"Kwa nini hukutuambia? Tungekuwa wawili."

Wiki hiyo niliingia darasani nikaandika jina langu lote ubaoni, nikawaeleza wanafunzi nilichokosea kwenye kile kifungu. Baadhi walicheka, wengine wakanyamaza. Jina la Saluti halikufa siku ile. Lilimfuata Mabula mpaka kidato cha tatu, na kila nilipolisikia koridoni nilijua ni mimi niliyelizaa. Kuomba radhi kulikuwa kwa dakika moja. Kicheko nilichokipanda kilichukua zaidi ya mwaka kunyauka.

Tangu mwaka 2015 wiki ya kwanza na kidato cha kwanza sifundishi sarufi. Kila mtoto anakwenda nyumbani kuuliza nani alimpa jina, siku gani na kwa nini, anarudi anatusimulia. Nilidhani litakuwa zoezi la siku mbili, lilimaliza wiki. Kulikuwa na Kulwa asiye na Doto, kwa sababu Doto alifariki akiwa na siku tisa, na hatukujua hilo mpaka aliposimama. Kulikuwa na Kelvin aliyepewa jina la daktari kijana aliyemzalisha mama yake usiku umeme umekatika. Na kulikuwa na Tabu. Binti mdogo, mkimya, aliyeomba awe wa mwisho. Alisema mama yake alibebwa kwa baiskeli kilomita nyingi akiwa na uchungu, akapoteza fahamu, na alipozinduka siku ya tatu akamkuta mtoto hai pembeni yake. Akasema huyu ni Tabu yangu. "Hajasema mimi ni tabu," yule mtoto alitufafanulia, "amesema ni yake." Darasa la watoto 60 halikutoa sauti. Nilikuwa na Tabu mmoja kwenye jalada langu la zamani, anachoma nguo kwa pasi.

Agosti 2016 nilikwenda Nairobi kwenye kongamano la walimu wa Kiswahili. Chumbani nilipangwa na mwalimu kutoka Murang'a, jina lake Wanjiku. Nilimwambia amebahatika, jina lake limeheshimiwa nchi nzima. Miaka ya 1990, mjadala wa katiba ulipopamba moto, Rais Moi aliuliza kwa kubeza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Wakenya wakalichukua jina wakaligeuza: Wanjiku ndiye mwananchi, na katiba ya mwaka 2010 wengi wakaiita ya Wanjiku. Gado, mchora vibonzo aliyezaliwa kwetu Dar es Salaam, alimchora miaka na miaka, mwanamke wa kawaida anayewatazama wakubwa wakila. Niliona ndivyo tungeweza kufanya na Mwajuma.

Mwenzangu alikuwa anakunja blauzi. "Dada, hiyo heshima ni ya mwingine," akasema. "Huyo Wanjiku wao ni maskini, ana kitambaa kichwani, anasubiri kuhurumiwa. Nikienda benki kuomba mkopo, afisa anatabasamu: kumbe wewe ndiye Wanjiku! Mimi ni mwalimu wa Hesabu na Kiswahili. Jina hili ni la nyanya yangu, mzaa baba." Akanihesabia kwa vidole mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu katika masimulizi yao, Wanjiku akiwemo, na alipofika kwa Nyambura nikamkatiza kumuuliza maana. Ni wa mvua. Mbura, mbula, mvua. Nilicheka kwa furaha peke yangu, akanishangaa, nikamsimulia habari ya Mabula mpaka usiku wa manane.

Maneno yake yamekaa nami. Nilikuwa najiandaa kumtunga Mwajuma shujaa, Mwajuma rubani, Mwajuma mpiganaji, nimpandishe kila mahali kulipa deni. Lakini binti wa Ijumaa anayekuja darasani kwangu huenda anapenda kushona, au hapendi kitu, au ana hasira. Hata ile picha nzuri ingemfika kabla yake mlangoni, kama wimbo unavyomtangulia Salome.

Kile kifungu cha mlinzi nilikiandika upya mwaka 2015, na nilimwomba Mabula anisaidie. Wazo lake la kwanza lilikuwa mlinzi aitwe Kelvin. Nikamkumbusha kwamba Kelvin yuko dawati la tatu na ni rafiki yake. Tukafikiria kumwacha bila jina. Hilo nalo hakulipenda. Mtu anayesimama getini usiku kucha apewe japo jina. Mwishowe akasema, "Abaki Mabula, madam. Ila asome." Basi mlinzi wa sasa analisoma tangazo saa kumi na mbili asubuhi, anaona tarehe imekosewa, na habari inaanzia hapo. Hakuna aliyecheka chumba cha mtihani, lakini kwa mara ya kwanza nilipata insha za kurasa mbili kuhusu alichokifanya baadaye.

Oktoba 2016, mahafali ya kidato cha nne, wazazi walikuwa wanapita kusalimia walimu. Alikuja mwanamume mrefu, sare ya ulinzi imepigwa pasi, macho mekundu ya usiku. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Mabula alitutambulisha.

"Baba, huyu ndiye Mwalimu Mwajuma."

"Wa Ijumaa," akasema yule baba, akanipa mkono kwa mikono miwili.

Nilitaka kuanza kuomba radhi upya, akanizuia kwa kichwa. Habari zote alikuwa nazo. Basi nikamuuliza kilichokuwa kikinikaa moyoni miaka miwili, mvua yenyewe ilikuwaje. Akavuta kiti. Ilikuwa Kwimba, akasema, ukame umekula mahindi ya mwaka huo, yeye na mkewe wanatembea kwenda zahanati. Wingu likafunga ghafla, mto uliokuwa mkavu asubuhi ukajaa wasiweze kuvuka, wakaingia nyumba ya kwanza waliyoiona, ya mama mmoja wasiyemjua. Maji ya kunywa ndani ya nyumba ile yalikuwa yameisha tangu juzi. Yule mama akatoa kila chombo alichokuwa nacho, masufuria, beseni, hata kibuyu, akavipanga uani chini ya michirizi ya bati, na mtoto alipotoka akaogeshwa kwa maji hayo, bado yanaingia sufuriani.